Baba, Nimechagua Fimbo Nyingine

Baba,

Sasa hivi mjukuu wako nimemkuta anautafuna ule mpira wa baiskeli uliouzungushia kwenye mshikio wa fimbo yako ya gofu. Nilimlaza kwenye kanga hapa kibandani, nikainama kufunga kamba ya kiatu, kuinuka namwona ameikumbatia fimbo kama mua, vijino vyake vipya viko kazini. Nilipomnyang'anya amelia mpaka makedi, wabeba mifuko wenzangu, wakasema, "Mwachie tu, Mama Neema, mzee mwenyewe asingemkatalia." Kweli usingemkatalia. Sasa ananyonya, karatasi nimeiweka juu ya ndoo, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Shikamoo Baba. Hiyo marahaba najiitikia mwenyewe.

Nimechoka. Sijui nianze na lipi, basi naanza na hilo. Tangu tukuzike naamka na uchovu wa jana, nauongezea wa leo. Baba Neema bado yuko Geita anachimba dhahabu, habari zake naletewa na watu, yeye mwenyewe haji. Mimi nabeba mifuko ya wachezaji kutwa, mtoto namwacha kwa mama muuza chai, kukiwa na mvua nambeba mgongoni humu humu uwanjani. Lakini sijakata tamaa Baba, usifikiri hivyo.

Kilabu chako cha gofu kimeamka. Unakumbuka enzi zile mbuzi wanakula majani mpaka karibu na shimo, na mpira mmoja ukipotea mnautafuta wote, mabosi na makedi, kama mmepoteza mtoto? Sasa biashara zimefunguliwa, watu wa migodi wamejaa, wanakuja na mifuko mizito ya fimbo zinazong'aa. Wake zao nao wanataka kujifunza. Ndiyo maana kilabu kinataka kedi mmoja awe msaidizi wa kufundisha, alipwe kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Tumebaki wawili, mimi na Shija, yule kijana wa Igoma mwenye mabega. Kupiga mbali amenishinda, wala sibishani. Kuwaelekeza wageni nimemshinda. Imebaki kusukuma mpira shimoni, na ni leo, wanamalizia kusawazisha mchanga unaozunguka shimo ndipo waniite.

Baba mkubwa amekuja kutoka Magu kuniangalia. Yuko nje pale kwenye ua, amevaa koti lako. Ameshasema, nikishindwa naondoka naye kesho kwenda kulima pamba. Hasemi kwa ubaya. "Mtoto analelewa chini ya benchi kama kifaranga," anasema, "haya ni maisha gani, mwanangu?" Na kweli, Neema analala chini ya benchi.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu.

Siku ya kumaliza msiba Baba mkubwa ndiye aliyegawa vitu vyako. Jembe lilikwenda kwake, baiskeli kwa watoto wa shangazi. Ilipofika fimbo yako ya kusukumia mpira, watu wote waliangalia upande wa wanaume. Yeye akaniita mimi. "Huyu ndiye aliyekuwa anakimbia nyuma ya baba yake anaokota mipira. Shika. Huu ndio mkono wa baba yako." Nikaupokea kwa mikono miwili, nimepiga magoti, watu wanatazama. Tangu siku ile sijatumia fimbo nyingine.

Lakini hainifai, Baba. Nimeshalisema.

Wewe ulikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Mimi nikiishika, kichwa cha mshikio kinanichoma chini ya mbavu. Nimejaribu kuishika chini zaidi, nimejaribu kusimama mbali, mpira unapita kulia kwa shimo kila mara. Kuna aliyesema niikate. Nani ataukata mkono wa baba yake? Shija ananicheka: "Mama Neema, unasukuma mpira au unatwanga mahindi?" Nami nacheka naye, halafu nikienda chooni nalia kidogo narudi.

Basi juzi nilikwenda Mabatini kumtafutia Neema sweta, maana upepo wa ziwani asubuhi hauna huruma na kifua chake. Kwa yule kijana wa mitumba nikaona pipa limejaa fimbo za gofu. Unajua anawauzia akina nani? Walinzi wa usiku! "Dada, chukua hii, nyoka haombi maji." Nikaanza kuzishika moja moja jinsi ulivyonifundisha: simama, mikono ining'inie yenyewe, macho juu ya mpira, fimbo ije mkononi, usiifuate. Moja ilikuwa nyepesi, na mchanga wetu huu wenye oili chafu unaunyonya mpira ukisukumwa kwa fimbo nyepesi, unaishia njiani. Nyingine ndefu kama yako. Chini kabisa nikatoa moja fupi, nzito, kichwa chake kimegeukia upande usio wake.

"Hiyo achana nayo," kijana akasema. "Kiwanda kilikosea. Hata mlinzi ameikataa."

Nikaiweka chini nione kosa lenyewe. Baba, mkono wa kushoto ulishuka wenyewe. Sikuutuma; fimbo hiyo ilitengenezwa kwa mtu wa kushoto, kiwanda hakikukosea. Nikajikuta nimesimama kama mtu anayekamua ng'ombe mpole, mbavu hazichomwi, shingo imelegea. Mama muuza ndimu, jirani yake, alikuwa ameweka tenga chini, nikaazima ndimu moja nikaisukuma. Ikaenda ikagonga tenga. Mama yule akasema, "Ongeza nyingine, hiyo umebahatisha." Nikaongeza. Ikagonga tena pale pale. Watu wakacheka. Kijana akanipa fimbo ile kama nyongeza ya sweta, anafurahi mwenyewe kwamba ameondoa takataka.

Mkono huo wa kushoto unaujua. Ulikuwa unaufunga kitambaa wakati wa kula. "Mkono huo hausalimii watu," ulikuwa unasema, halafu unanikatia nyama wewe mwenyewe kwa sababu wa kulia ulikuwa hauwezi. Sikulaumu, na mwalimu naye alifanya hivyo hivyo. Nikajifunza: kula wa kulia, kuandika wa kulia, kusalimia wa kulia, na fimbo yako wa kulia. Lakini ndoo naibeba kwa kushoto. Neema namnyanyua kwa kushoto. Mtu akinishtua barabarani, kinachotangulia ni kushoto.

Kuna jambo moja sijawahi kukuuliza. Zile siku za mwisho hospitali, Neema alikuwa na homa, nimempakata mkono wa kulia amelala, na uji wako unapoa. Nikachota kwa kushoto. Nilikumbuka kijiko kikiwa kimeshafika mdomoni kwako. Uliutazama ule mkono. Ukanitazama mimi. Halafu ukafungua mdomo, ukala mpaka bakuli likaisha, ukasema, "Mkono wako hautetemeki." Sijui kama ulikuwa umechoka kunikemea, au ulikuwa unaniruhusu. Nimeligeuza neno hilo kila namna. Leo nimeamua kulichukua kama ruhusa. Kama nimekosea utanisamehe.

Tatizo ni Baba mkubwa. Asubuhi ameifuta fimbo yako kwa shati lake mpaka chuma kikawaka, akaniambia, "Leo mdogo wangu anacheza." Hajui kwamba ile nyingine iko ndani ya gunia chini ya benchi. Ataniona mbele ya wageni na makedi wote nimeuweka pembeni mkono wa baba yangu, nimetanguliza ule wa kushoto. Shimo siliogopi. Naogopa uso wake. Na nikishindwa baada ya hapo, safari ya Magu itakuwa ndefu.

Neema ameshiba, amelala. Wanakwangua mchanga mara ya mwisho, nausikia ule ubao unavyokokotwa.

Lala salama, Baba. Fimbo yako haitauzwa, haitakatwa, wala haitakwenda kuua nyoka, itakaa ukutani kwangu popote nitakapoishi, hapa au Magu. Na Neema nakuahidi sitamfunga mkono wowote, achague mwenyewe. Nikitoka hapa, nimeshinda au nimeshindwa, nakuja kaburini kukuambia kwa mdomo, hutasikia kwa watu. Sasa ngoja nikaongee na kaka yako kabla hawajaniita, nimpe mtoto, nimpe na fimbo yako aishike, nimwambie, Baba mkubwa, mimi leo nacheza na mkono wa

Jamani wananiita. Ndiyo Shija, nimesikia, nakuja! Baba, yeye mwenyewe kaka yako yuko hapa mlangoni, ameliona gunia, ameinama analifungua...