Pipa Mwisho wa Ngwe

Jumapili, 10 Juni 1984

Misa, kisha maharage. Mke wangu Martina anapiga, mimi napepeta. Ukungu wa msituni umekaa mpaka saa sita, vidole vimekufa ganzi. Chai bila sukari tena. Duka la kijiji halijaona sukari tangu Pasaka. Misimu sita nimesimamia wakata miwa, na leo nakunywa chai chungu. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Wanasema lori la shamba la miwa linakuja kuchukua watu. Moyo umeruka. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita! Nimejionea aibu.

Jumanne, 12 Juni

Karani wa shamba amefika kweli. Yule yule, mvi tu zimeongezeka. Anataka watu ishirini kutoka hapa Daa, na mimi niwe nyapara wao kama zamani. Nichague mwenyewe. Kule hawampimi mtu afya, neno la nyapara ndilo kipimo.

Siku nzima miguu ilikuwa kwenye mahindi, akili iko tambarare. Harufu ya miwa iliyochomwa. Kilimanjaro alfajiri, mweupe, na sisi chini yake weusi kwa masizi. Sisi watu wa baridi tulivua mashati saa mbili asubuhi, wenyeji wakatucheka. Jioni tunaoga mferejini, maji yanapita meusi, ndipo unamtambua tena mwenzako. Na Boay anaimbisha. Kundi zima lilikata kwa sauti yake, mapanga yanashuka pamoja. Karibu kila wiki tulimaliza wa kwanza, na kundi la kwanza lilipewa nyama Jumamosi. Sijala tena nyama tamu vile. Sidhani nitakula.

Alhamisi, 14 Juni

Boay amekuja wa kwanza, kabla sijafungulia ng'ombe. Rafiki yangu tangu komunio ya kwanza. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo. Amekuja na panga, limeshanolewa. "Nyapara, niandike juu kabisa." Tumecheka kama vichaa. Kisha nikaona miguu yake. Imevimba, kamba za katambuga zimezama ndani ya nyama. Chini ya macho pia amevimba.

Niandike hapa, maana sijamwambia mtu. Msimu wetu wa mwisho, miaka miwili iliyopita, Boay alianguka ndani ya ngwe yake, ule mstari wa miwa ambao kila mtu hupewa aukate mpaka mwisho. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Mganga wa zahanati ya shamba akaniita pembeni. Figo zimeumia kwa kazi ya juani bila maji. Asikate tena, akirudi atakufa. Mwambie akipata nafuu, leo hasikii.

Sikumwambia. Nilisema ni homa ya jua, imepita.

Sababu ni pipa. Tuliagizwa pipa la maji likae katikati ya shamba. Mimi nililiweka mwisho wa ngwe. Anayetaka kunywa amalize kwanza. Hiyo ndiyo siri ya zile nyama. Vidonge vya chumvi tulivyopewa kwa ajili ya joto tulivitupa mferejini, tukisema vinaua nguvu za kiume. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Ningemweleza Boay habari za figo, angeniuliza habari za maji.

Nimemwambia nitafikiri. Ameondoka anapiga mluzi.

Ijumaa, 15 Juni

Majina kumi na tisa. La ishirini nimeliacha wazi.

Bila Boay kule ni kufyeka tu. Ninamtaka. Hiyo ndiyo kweli, na inanichukiza.

Jumapili, 17 Juni

Nimesoma orodha nje ya kanisa. Wa ishirini ni Safari, fundi baiskeli. Boay alingoja, akadhani nimeruka mstari. Nikasema wametosha. Akauliza amenikosea nini. Nikamjibu ni umri. Tumezaliwa mwaka mmoja! Watu wakaangua kicheko, wakadhani ni utani. Yeye hakucheka.

Ningeweza kumshika mkono, tukashuka hatua kumi tu kuelekea korongoni, nikasema yote. Nilikwenda kuangalia ng'ombe.

Jumatatu, 18 Juni

Nimemwambia karani siendi, mgongo. Uongo mtupu. Amemfanya Qamara nyapara, mmoja wa wale ishirini wangu, aliyewahi kuwa msaidizi wangu. Nimejiambia kama Boay haendi, nami nisile raha peke yangu. Nimeshinda nikijiona mtu mwema.

Boay amenipita njia ya kisimani. Hakunisalimia. Miaka yote hii, hajawahi kunipita hivyo.

Jumatano, 20 Juni

Lori limeondoka. Nilikuwa nakata mabua karibu na barabara. Nimesikia wimbo kabla sijaona vumbi. Sauti ile siwezi kuikosea. Boay amesimama nyuma ya kichwa cha lori, anaimbisha, wote wanaitikia.

Qamara alipofanywa nyapara, walibaki wakataji kumi na tisa. Nafasi niliyoiacha mimi ndiyo aliyopanda Boay.

Ameniona. Hakunyamaza.

Alhamisi, 21 Juni

Sijala. Nimemweleza Martina yote, pipa, mganga, vidonge. Ameuweka ungo chini. "Sasa unaniambia mimi? Figo ni zangu?"

Kisha amenichemshia viazi vya njiani.

Ijumaa, 22 Juni

Basi la asubuhi. Vumbi mpaka Makuyuni. Arusha nimepata gari jingine, nimefika Moshi jioni. Nalala kwa binamu yangu. Joto. Nilikuwa nimesahau joto hili. Kwenye kumbukumbu zangu lilikuwa mzaha tu.

Jumamosi, 23 Juni

Nimeingia shambani kwa miguu. Kambi yetu ipo. Mlango wa chumba chetu bado una alama tulizochonga kwa panga, alama moja kwa kila Jumamosi ya nyama. Nimezipapasa. Nilikuwa na furaha hapa, sitasema uongo. Furaha ya kweli.

Kundi nililikuta kwenye ngwe. Pipa liko mwisho. Qamara ameliweka pale nilipomfundisha. Nimelibingirisha mpaka katikati, maji mengine yakamwagika. Qamara aliniangalia tu, bado ananiogopa.

Boay alikuwa anakata, lakini haimbi. Miguu imejaa kama magogo. Nimemweleza palepale, nimesimama, jua utosini. Sikuacha kitu. Nilisema hata habari za kuangalia ng'ombe. Alisikiliza, panga mkononi, masizi usoni, sikuweza kuona anawaza nini.

Akauliza mganga alisema lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole.

"Ungeniambia nyumbani, nisingepanda lori."

Hilo tu. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Akamkabidhi Qamara panga, akaenda kuchukua blanketi lake.

Jumapili, 24 Juni

Safari ya kurudi. Amekaa dirishani, mimi pembeni. Baada ya Mto wa Mbu basi likaanza kupanda ukuta wa bonde, hewa ikabadilika, ule ubaridi wetu ukaingia. Boay akaanza kuimba kwa sauti ya chini, ule wimbo wa kuanzia ngwe. Mstari mmoja. Nikaitikia bila kufikiri. Akakumbuka aliye pembeni yake ni mimi, akaacha.

Jumanne, 26 Juni

Hospitali, Karatu. Jana wamempima, leo wamempa kitanda. Daktari ni kijana, mpole. Amesema figo zimechoka sana. Zikipumzika huenda zitamvusha miaka, huenda hazitamvusha. Akauliza kwa nini amechelewa kuja. Boay akasema hakujua. Mimi nilikuwepo. Hakunitazama, wala hakunitaja.

Mke wake amefika saa nne na uji. Nimempisha kiti. Boay alikuwa na kiu. Kikombe kilikuwa karibu na mkono wangu, lakini maji alimwomba mkewe.

Nimetoka nikakaa kwenye benchi la nje. Jua la Karatu halichomi. Wagonjwa wengine wanaota jua, wanazungumza habari za maharage na mvua. Saa ya kuona wagonjwa imekwisha, mke wake amerudi nyumbani kukamua.

Mimi bado nipo.