Mama, Nimewapata Wanaoumwa Wenzetu

Mama, shikamoo.

Huku hatujambo, isipokuwa kiuno. Ndiyo, Mama, maumivu yale yale yako. Yalinianza baada ya kumzaa Hadija na mpaka leo hayajaniacha. Nikikaa kusuka mkeka, kuinuka ni kazi. Wifi yangu Tatu anasema najidekeza. Maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe mpaka tukakuzika.

Sasa nina jambo nimewaficha watu wote, nakwambia wewe tu. Sokoni Buguruni mwanamke mmoja, Bi Zuhura, aliniona nimeegemea ukuta siwezi kwenda mbele wala nyuma. Akanishika mkono: "Njoo kwangu Ijumaa baada ya swala. Tupo wenye maumivu yasiyokwisha, tunakaa pamoja."

Mie nikajua huyu katumwa na mganga. Si unamkumbuka yule aliyekupigia ngoma ya pepo, akaondoka na mbuzi wetu, wewe ukabaki kitandani unalia?

Nilikwenda kuwachunguza tu. Nikakaa karibu na mlango. Chai sikuigusa mpaka nilipowaona wenyewe wanakunywa. Nikatafuta kwa macho chetezo, ngoma, kitambaa chekundu. Hakuna. Palikuwa na Mzee Salum, aliyebebeshwa mizigo ya askari katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, na mguu wake haujapona tangu siku hizo. Mmoja anaeleza alivyoshinda na maumivu yake, wengine wanasikiliza. Basi. Hofu ikazidi, maana hawakuniomba chochote. Nikawauliza, "Nyie mnataka nini kwangu?"

Mzee Salum akacheka. "Mwanangu, tukutake nini, na sie hata kusimama tunashikana?"

Sikumwamini.

Wiki iliyofuata sikuweza kutoka kitandani. Nikasikia hodi, kumbe Bi Zuhura. Nikasema moyoni, haya, leo amekuja kuchukua alichokuwa anakitaka. Hakuchukua kitu. Alikaa jikoni na magoti yake yaliyovimba, akakoroga uji, akaninywesha. Tatu akapita uani akasema kwa sauti ili tusikie, "Mvivu kapata mvivu mwenziwe."

Bi Zuhura hata hakugeuka. "Huyu anaumwa," akamjibu. "Hajisingizii. Anaumwa."

Mama, nililia mpaka uji ukapoa. Sikujililia mimi. Miaka yote ile uliyolala ukiugulia, hakuna hata mtu mmoja aliyesimama mlangoni kwako akasema neno hilo.

Bado nawatazama kwa jicho la pembeni, hukunizaa mjinga. Watu hawawi wema hivi hivi tu, ndivyo ninavyojua mimi. Lakini Ijumaa nitakwenda. Na zamu yangu ya kusema ikifika, nakuahidi, sitaanza na kiuno changu. Nitaanza na wewe. Nitawaeleza mama yangu alivyoumwa.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze mahali pasipouma.

Mwanao,
Mwajuma