Riley ya Baba na Msumeno wa Tranter

Jumapili, 2 Machi 1986

Nimeiuza Riley ya baba, gari lake la zamani! Naandika ili niamini. Leonard, mume wangu, amekuwa akilitolea macho lile banda la gari tangu tumzike baba — hasemi, ila unajua anataka nafasi. Leo kaja bwana mmoja, Tranter. Hata koti hakuvua, akalala chini sakafuni, akagongagonga chasisi. Akafungua boneti, akasikiliza injini. “Dada, huyu mzee ana mapafu!” Nikalainika. Tukapeana mikono. Jumapili ijayo anakuja na pesa na tela.

Mkono ni mkono. Hapa Coventry hatuhitaji karatasi. Sasa mbona situlii?

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia banda mara mbili. Chai imepoa, nimepasha, imepoa tena.

Tranter hakufungua mlango hata mmoja! Riley aina ya Kestrel ya 1935, gari la mbio lenye paa, milango minne, viti vya ngozi, mgongo umeteremka vizuri — mtu ananunua bila hata kukaa? Hakuuliza hata gia zake, zile unazochagua kwanza kwa mkono, kisha ukikanyaga pedali ndipo zinaingia. Kila mtu huuliza hilo.

Leonard anasema natafuta mchawi pasipo mchawi. Labda. Hata mama alikuwa hivi na gari hili. Mwaka 1951 baba aliiacha Riley nzuri aliyokuwa akiiuza jirani, akanunua hii, mkweche, inavuja. Mama alimsema mpaka anaingia kaburini. Baba anacheka tu.

Jumatano, 5 Machi

Simu. Mzee Hobday wa klabu ya Riley, mwenye daftari la Riley zote zilizo hai. Salamu hakuna.

“Enid, nasikia umempa Tranter.”

Nikasema ndiyo. Akasema: “Binti yangu, yule huzikata.”

Anachukua chasisi na injini tu, anaweka bodi dogo la watu wawili, lililo wazi juu, anakwenda kushindana. Na bodi la zamani, lenye fremu ya mbao? nikauliza. Mzee akasema mbao kavu za miaka hamsini zinawaka vizuri sana kwenye jiko la karakana. Kila mwaka anafuta majina mawili matatu daftarini. Akataka kujua aifute yangu sasa au asubiri Jumapili.

Nikamkatia simu. Mwenyewe bado nina aibu.

Ujinga wangu! Mtoto wa seremala wa kiwanda cha Riley, nimekulia kwenye randa na vumbi la mbao, nashindwa kumjua mkata magari! Nilimwona anapapasa chasisi nikadhani ni mapenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Leonard kaniuliza neno langu liko wapi. Eti nitatuaibisha. Kweli tupu, ndiyo maana imeniuma. Baba akisema ndiyo ilikuwa ndiyo. Nimemkaripia Leonard bure. Sijapika. Tumekula samaki na chipsi za dukani, kila mtu anatazama sahani yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua kava la ndani la mlango wa dereva, kwa bisibisi ya baba. Nilitaka tu kuziona mbao kabla hazijaenda. Nzima! Mahali padogo tu chini pameanza kuoza. Na kwenye ubao, kwa penseli:

H. Pegg. Februari 1935. Mvua tena.

Jina la baba, mwandiko wake! Mkweche wake — aliuchonga mwenyewe kiwandani! Ndiyo maana aliununua: alikuwa anautafuta huu huu. Miaka yote mama anamsema, anacheka tu. Nimelia mpaka kwikwi. Baba wewe! Ungesema hata mara moja!

Nikamwita Leonard. Akavua kofia, akasoma, akasoma tena. Akasema polepole, “Lakini ulimpa mkono.” Akatoka.

Nikampigia Tranter, nikamwomba aniachilie. Akacheka. “Dada, Jumapili umeuza, leo umebadilika? Nakuja kesho saa nne. Kama unapenda sana mbao, nitakuachia mlango mmoja ukauning'inize sebuleni.”

Mlango mmoja!

Jumapili, 9 Machi

Niko ndani ya gari, daftari hili juu ya usukani. Sijui nilikuja kuaga au kufanya nini. Mkono wangu mwenyewe, neno langu mwenyewe. Baba angesema nini? Sijui! Alisema mvua tena, basi.

Leonard kaamka kabla yangu. Nimekuta tangi limejaa petroli. Na mlango wa nyuma wa banda, wa uchochoroni, uko wazi kabisa. Sikuufungua mimi. Nimewasha. Imeshika mara ya kwanza.

Jana nilimpigia Hobday kumwomba radhi; kasema ana nafasi ya gari ghalani kwake, na hatauliza kitu.

Honi. Tela limefika mbele. Kupitia dirisha dogo la banda namwona Tranter anashuka, anacheka, anamnyooshea Leonard mkono.

Leonard kamtazama tu. Mikono yake iko mfukoni. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijamwona akimnyima mtu mkono.

Gia nimeshaichagua, mlango wa uchochoroni uko mbele yangu. Bado kukanyaga pedali.