Wakaribishe Maji ya Bwawa Lao

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura.

Sisi wazima. Babu yako mpya ananichumia asumini kila asubuhi, nami naona haya kama mwali!

Umeuliza kama tuwakodishie wale wafugaji samaki bonde letu la Soga. Wanaapa kwamba maji ya mabwawa hayatauchafua mto tunaokunywa. Mimi siwaamini.

Nilipokuwa msichana kule Marui, mwenye bwawa la perege alituapia vivyo hivyo. Mama akateka maji yaliyotoka bwawani, akampa kikombe.

"Karibu maji, mwanangu."

"Ahsante mama, nimefunga."

Mkononi alishika muwa, anautafuna!

Basi hao wako wafuate kwenye bwawa lao hapo Kisarawe, uwatekee maji yanayotoka. Wakinywa, nitawakodishia.

Bibi yako, bi harusi