Kaboni Mpya

Jumatatu, 9 Juni 1947
Mkuu mpya wa askari wa mgodi amefika: Sajini Pantaleo. Nilisikia viatu kabla ya kumwona. Meneja akanitambulisha — Generosa, karani wetu. Sajini akasema ananijua, wakati wa vita nilikuwa muuguzi kambini kwake. "Mtoto wa jeshi hasahau salamu." Nikasema, shikamoo Afande. Mdomo ulisema wenyewe.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Apolonia wa zahanati. Kule jeshini tulilala chumba kimoja miaka miwili. Alikuwa anakunja bendeji, hakuinua kichwa.
"Alikuita uende stoo ya mablanketi?"
Nikaitikia.
"Na mimi."
Vitanda vyetu vilikaribiana, ningeweza kumshika mkono — na sikujua. Tukalia. Kisha tukanywa uji wa wagonjwa. Leo nimekula nikashiba.

Ijumaa, 13 Juni
Sajini ameagiza Paskazia, muuguzi mpya, awe anampelekea mablanketi stoo. Kuanzia Jumatatu.
Apolonia anataka tumwandikie Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, majina mawili. Nikasema tutafukuzwa. "Mashine ya chapa unayo wewe, mdogo wangu. Mimi nina hasira tu, na hasira haina herufi kubwa."

Jumamosi, 14 Juni
Nimepiga chapa barua wenzangu walipotoka. Sisi wawili tulitendwa hivi na mtu huyu. Nakala moja, kwa karatasi mpya ya kaboni. Chini, jina la Apolonia. Langu — nimeacha nafasi. Barua na nakala nimezificha kifuani.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani Sajini alikaa benchi la mbele. Na nishani.

Jumatatu, 16 Juni
Naandika chooni, kwa penseli. Asubuhi nimemkuta mezani kwangu, ameinua kaboni kwenye mwanga wa dirisha. Kaboni mpya, imetumika mara moja, kila neno linasomeka. Karatasi nilificha. Kaboni niliisahau kwenye mashine.
Hakufoka. "Wawili, lakini jina moja. Kama la pili si lako, karani, saa nne twende kwa Meneja, useme Apolonia ni mwongo. Kazi yako utabaki nayo."
Nikaomba ruhusa ya choo.
Kuna tundu ukutani. Paskazia anapita, mablanketi hadi kidevuni. Apolonia anamfuata, amempokea nusu ya mzigo. Wanaelekea stoo.
Viatu. Anagonga. "Karani, saa nne hiyo."
Barua iko gotini. Sijui kama Bwana Shauri atakubali jina la penseli. Nimefika herufi ya nne. Anagonga tena —