Maua ya Maboga Niliyoyachuma kwa Wifi

Mayu, mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Nimerudi Katoro, ninalala chumbani kwako. Nina jambo la aibu la kukwambia.

Maboga yako ya kwenye viroba bado yapo. Uani kwako watu waliosha dhahabu miaka mingi, nawe ukakataa kabisa kupanda chakula kwenye udongo wenye zebaki. Ukajaza viroba na ndoo zilizotoboka, udongo mzuri na samadi ya kuomba kwa wafugaji. Ulipougua mimi nilikuwa Ushetu, kwenye tumbaku na mume wangu. Aliyekuogesha ni Neema, mke wa kaka. Na kilimo chako ulimfundisha yeye.

Baada ya msiba nilichukua viroba vitatu, yeye akabaki na vingine. Vyangu vilitambaa hadi kwenye bati, majani kama sinia. Lakini boga, hakuna. Vitoto vinatokea, vinageuka njano, vinadondoka. Vya Neema vinanenepa tu. Majirani wakipita wanasema, "Huyu karithi mkono wa mama." Huyu! Mayu, si mimi niliyetoka tumboni mwako?

Wivu ulinila. Asubuhi moja alipoenda kuteka maji, nilichuma maua yake yote yenye vikonyo virefu, hata yasiyofunguka, ili upande wake usipendeze tena. Nikayapika na msusa, yale majani machanga ya maboga, nikala peke yangu. Hata ladha sikuisikia.

Aliporudi alisimama mbele ya viroba, kisha akaniangalia. "Wifi, ungeniomba tu."

Basi. Afadhali angenitukana.

Kesho yake aliniita kwenye viroba vyangu. Akachuma ua moja la kikonyo kirefu, akalimenya petali, akapaka unga wake wa njano ndani ya ua jingine, lile lenye kiboga kidogo chini yake. "Hili dume, hili jike. Nyuki hapa ni wachache kwa vumbi la mawe ya dhahabu yanayosagwa. Mama alifanya hivi kila asubuhi." Halafu akasema ulimwachia maagizo: "Kabula akirudi, mwonyeshe wewe. Mimi hanisikilizi."

Nililia, Mayu. Usidhani ilikuwa toba tupu. Nililia kwa sababu maneno yanayonihusu uliyasema masikioni mwake. Mliongea mangapi? Mlicheka? Alikushika mkono ukiwa unaondoka, mimi ninapanga tumbaku.

Bado namwonea wivu. Sitakudanganya wewe.

Lakini viboga vyangu viwili vimeshika. Wiki hii Neema ana majike matupu, madume niliyamaliza mimi. Kwa hiyo kabla jua halijawa kali ninachuma ya kwangu, ninavuka hadi upande wake, ninampakia moja moja. Yeye ananishikia majani yasinikwaruze.

Pumzika, Mayu. Nakuahidi hili: nitamwomba anisimulie siku zako za mwisho, zote, hata zitakazoniuma, na sitamkatiza.

Mwanao,
Kabula