Kwa Bwana Kilo, Aliyekataa Kunipunja

Mwaka umekatika, Baba Pacha, tangu ulipotutoka pale wodini, kitanda cha dirishani, mkono wako ukiwa ndani ya mikono yangu. Watoto wamenipa kalamu mimi kwa sababu tangazo la kumbukumbu waliloandika wao nililikataa. Binti yetu muuguzi alikuwa ameanza vizuri tu, juu picha yako ukiwa na tai shingoni, chini maneno, halafu akamalizia kama wanavyomalizia wote: mpaka tutakapoonana mbinguni. Nikaufuta mstari huo. Akalia, akaniuliza mama vipi, hata hili unamnyima baba? Nikamwambia, mwanangu, simnyimi. Ni kwamba sijui.

Niwaeleze wanaosoma gazeti hili wasije wakadhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Mimi ni mtu wa kanisa. Nimefundisha shule ya Jumapili tangu nikiwa na meno yote. Naamini mbingu ipo na moto upo, wala sitaki mhubiri wa kisasa aje kunipunguzia makali. Na wewe, mume wangu, ulikufa huamini. Hilo ndilo linalonikaa kooni mwaka mzima huu, sijui kama nitakuona tena.

Ulikuwa mkaguzi wa mizani, mwajiriwa wa serikali tangu ujana hadi kustaafu. Sokoni walikuita Bwana Kilo. Ukionekana tu langoni na kile kisanduku chako cha mbao chenye mawe ya mizani ya shaba, habari ilikutangulia, na mizani mbovu zikaingia chini ya meza. Mawe yako uliyashika kwa kitambaa, vidole visiguse, ukisema hata jasho lina uzito. Uliinama, ukapapasa chini ya sahani ya mizani, ukabandua donge la nta lililofichwa pale, ukamwonyesha mwenye meza bila kupaza sauti. "Mama, hii nayo unaiuza bei gani?" Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka kwa aibu. Waliotaka kukupoza kwa soda uliwaambia soda yao haina muhuri wa ukaguzi.

Nyumbani hukuwa na afadhali. Nyama kutoka buchani haikuingia jikoni kabla hujaipima. Pacha walipozaliwa ulimwambia mkunga mizani yake inadanganya, akakushangaa, maana mizani ilikuwa sawa kabisa. Ulikuwa husomi vizuri kwa sababu ya machozi.

Nchi hii uliipenda mpaka ikawa kero. Asubuhi redio ilipofungua matangazo kwa wimbo wa taifa ulisimama wima, hata ukiwa na fulana na povu la dawa ya meno mdomoni. Ulituambia mezani kwamba anayempunja mwananchi gramu hamsini ameshaiuza nchi, ila kaiuza rejareja. Mimi nilikutania. "Wewe usiyesali, mbona wimbo wenyewe ni sala? Mstari wa kwanza tu Mungu keshatajwa. Unamwomba nani?" Ukatema povu, ukafuta mdomo taratibu. "Mimi naimba na wenzangu, Mama Pacha. Wao wanamjua."

Hukuwa hivyo tangu mwanzo. Tulifunga ndoa madhabahuni, na kwa miaka mingi ulikaa benchi la mbele, ukiimba besi. Kisha Jumapili moja ulivaa suti, ukafunga kamba za viatu, ukakaa kitandani kitambo, ukazifungua. Nikadhani ni tumbo. Ukasema, "Nenda tu. Mimi nimejaribu."

Nilitaka jina la aliyekuudhi. Mzee wa kanisa? Mchungaji? Kuna kitu uliona? Ukatikisa kichwa. "Hakuna aliyenikosea. Nasali, sisikii mtu upande wa pili. Sasa nikiendelea kukaa benchi la mbele nitakuwa nawapunja." Ningependa ungekuwa umegombana na mtu. Ugomvi nauweza, watu hupatanishwa. Lakini mtu ambaye imani imemtoka kimyakimya, hana hasira, hana kinyongo, utampatanisha na nani?

Tulifunga na kuomba. Akina mama wa kanisa walikuja sebuleni kwetu, wewe ukawapangia viti, ukawatengenezea chai, ukatoka nje ili wakuombee kwa nafasi. Wengine walininong'oneza kwamba nimefungiwa nira na asiyeamini. Niliwaambia nira hii shingo yangu imeizoea.

Na kila Jumapili ulinisindikiza. Ulinibebea mwavuli na mkoba mpaka lango la kanisa, ukaishia pale. Ibada ikiisha nilikukuta palepale, umekunja gazeti kwapani. "Leo kasemaje?" Basi tulibishana mahubiri njia nzima hadi mlangoni. Siku hizi pacha mmoja ndiye anayenisindikiza. Juzi juzi naye ameanza kuishia langoni. Sijamuuliza kwa nini, naogopa jibu.

Nimekuwa nikifikiri sana, Baba Pacha. Mimi Mungu na nchi niliviweka katika mfuko mmoja, sikujua kama mtu anaweza kutoa kimoja akabaki na kingine. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba taifa lisilomcha Mungu halisimami, na bado naamini hivyo. Lakini pale kanisani tunao wanaoitikia Amina mpaka mabati yanalia, na Jumatatu wanapunja. Nimenunua kwao, nawajua. Wewe hukuitikia Amina na hukumpunja mtu. Nifanye nini na hesabu kama hiyo? Sisemi kwamba mizani sawa inamfikisha mtu mbinguni. Sijawahi kufundisha hivyo, na sitaanza leo kwa sababu tu aliyekufa ni mume wangu.

Ulipolazwa mara ya mwisho na daktari akaanza kuongea na mimi kwenye korido badala ya kuongea mbele yako, nilimwita mchungaji. Alikuja na koti lake jeusi, akavuta kiti. Binti yetu alisimama miguuni pa kitanda. Mchungaji akakuambia kwa upole kwamba si maneno mengi, yeye atatangulia na wewe utafuata, sentensi chache tu za toba.

Ulimshukuru kwa kuja. Ukasema, "Niombee wewe, mchungaji. Mimi nitakusikiliza."

"Sema mwenyewe," nikakwambia. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, sikujali wagonjwa wengine. "Sema tu, Baba Pacha. Hata kama ni kwa ajili yangu. Hata kama huamini. Sema nisikie."

Ulinitazama. Macho yalikuwa ya manjano, lakini yalikuwa yako. Ukasema, "Mke wangu, maisha yote sijakupunja. Unataka nikupunje leo?"

Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Sentensi chache! Watu hutoa maneno makubwa kuliko hayo kwa ajili ya kura, kwa ajili ya mkopo, na wewe ulishindwa kumtolea mkeo. Ningekuomba tena. Ungefufuka leo ningepiga magoti palepale sakafuni nikuombe tena. Mchungaji akaomba. Ulisikiliza macho wazi. Alipofika mwisho, sote tukasema Amina, wewe ukanibana vidole. Kulipokucha ulikuwa umeondoka.

Kanisa halikuongoza mazishi yako, na siwalaumu, utaratibu ni utaratibu. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshasema kwamba kama ni lazima tuimbe, tuimbe wimbo wa taifa. Walikuja wakaguzi wenzako waliobaki, na wauza nafaka wa sokoni, hata wale uliowafungia mizani. Mchungaji alikuja kama jirani, akasimama nyuma kabisa. Tukaimba, pembeni mwa shimo, bila kinanda, wengine wamekosea sauti. Mstari wa kwanza ulipotaja jina la Mungu nilishindwa kuendelea. Niliwaza, basi hii ndiyo sala pekee aliyoisimamia wima kila asubuhi. Nikawaza pia, huenda haihesabiki. Nikarudi nyumbani na mawazo yote mawili, na ninayo mpaka leo.

Tangu hapo watu wananifariji. Wapo wanaosema huenda ulitubu moyoni dakika ya mwisho. Wanasema kwa nia njema, ila wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nilikushika mkono, na nakujua. Ungetubu ungeniambia, hata kwa kope. Wengine wananiambia Mungu ana huruma kuliko sisi. Hilo nalikubali, ndilo ninalolalia. Lakini huruma si ahadi, na mimi nimefundishwa kutoongeza neno.

Kisha mwezi uliopita alikuja mama mchungaji, mwanamke mwema ambaye hajawahi kunikosea. Alinikuta nakunja mashati yako, yale ambayo bado sijayatoa. Akaniambia nisijitese. Huko mbinguni, akasema, furaha itakuwa kamili. Mungu atatufuta machozi yote, na wale ambao hawakufika hatutawakumbuka kabisa, kwa hiyo hakutakuwa na cha kutuumiza. "Hutajua hata kama aliwahi kuwepo, dada yangu. Utapumzika."

Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka nje. Katika yote niliyoambiwa kanisani tangu utoto, moto ukiwemo, hakuna lililonitisha kama hilo. Nifike huko mimi mzima, nivae nyeupe, niimbe, na nikiulizwa Bwana Kilo ni nani, nikose jibu.

Nilipiga magoti jikoni. Nilimwambia Mungu bila kuzunguka kwamba sitamwacha, nimezeeka naye na sina pengine pa kwenda. Nikamwambia hukumu ni yake. Akiamua wewe ubaki nje sitabisha, maana ulisikia ukakataa, na mimi ni shahidi. Lakini nikifika kwake na wewe haupo, hayo machozi yangu ayaache kama yalivyo. Asinifutie kitu. Nilipomsimulia mama mchungaji alisema kwa huzuni kwamba hiyo si sala ya mtu aliyeokoka. Huenda si sala. Naisali kila siku.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Pacha, binti yako muuguzi na mumewe, pacha wako wote wawili, wajukuu, ambao mdogo wao hakukukuta, dada yako aliyebaki, wakaguzi wenzako, na wauza nafaka wa sokoni, walionituma niandike kwamba bado wanakuogopa.

Tutakukumbuka daima, Baba Pacha. Watoto wanamaanisha maisha yao yote. Mimi namaanisha daima.